Anayemwandikia Mama Si Wewe

Zdravka Velkova,
Mtaa wa Mto, nyuma ya maktaba,
Lom, Bulgaria.
8 Desemba 2024

Mpendwa kaka Ognyan,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani, ambako ukungu wa mto umetukalia tangu juma lililopita na nguo hazikauki hata zikianikwa juu ya jiko. Wewe u hali gani? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kwenye usukani umepata nafuu? Unakula nini huko barabarani, kaka, au bado unaishi kwa kahawa na mikate ya vituo vya mafuta? Nauliza kwa sababu sijui lolote la kwako tangu mwezi wa nne, na sitaki kujifanya najua.

Huku tunasukuma siku. Shemeji yako Stoycho ameacha sigara kwa mara nyingine, kwa hiyo mimi na paka tunaona cha moto. Wajomba wa Vidin wazima. Goti la mama limevimba, lakini halikumzuia kujaza pipa la kabichi peke yake na kunigombeza kwamba chumvi yangu ni ya watu wa mjini. Juzi tulikula samaki wa Mtakatifu Nikola kwake. Alikata kipande kizuri, akakifunga, akakiweka kwenye friza. Nilimwuliza cha nani. Akasema ni chako, utakikuta ukija. Alisema huku akitabasamu.

Sasa, kaka, nakuomba ufunge mlango, ukae, usome taratibu. Nimeandika kwa karatasi na kalamu kwa sababu. Namba yako ya zamani naipiga, inaita, hupokei. Sikulaumu. Yale tuliyoambiana baada ya mazishi ya baba yalikuwa makali, na mimi nisingepokea simu yangu. Anwani hii nimeitoa kwenye boksi la viatu ulilomtumia mama kabla ya Pasaka. Naomba Mungu uwe bado unaishi hapo.

Swali langu ni moja. Je, mwezi wa kumi ulibadilisha namba ya simu? Kama ulibadilisha, chana barua hii, unicheke, nami nitacheka pamoja nawe mpaka Krismasi. Kama hukubadilisha, basi mtu anayemwandikia mama kila siku kwa jina lako si wewe.

Nianze na tangazo la msiba. Unamjua mama. Lile la siku arobaini lilikuwa la kawaida, picha ya baba na tarehe. Lakini lile la nusu mwaka alikaa na yule mama mchapaji asubuhi nzima wakichagua maneno. Likatoka na ubeti mzima: nyumba iko kimya, taa moja tu inawaka, hakuna tena wa kusikiliza kikohozi chake getini. Chini yake wafiwa: mke wake Parashkeva aliyebaki peke yake, binti yake Zdravka, na mwanawe Ognyan aliye Amerika, ambaye hakujaliwa kumzika. Akalibandika getini, kituo cha basi, kwenye mti wa mkate kama tunavyouita ule mpopla ulio mbele ya duka la mikate, na kwenye mlango wa karakana ya baba.

Nimepita mbele ya karatasi hizo maisha yangu yote bila kuona ubaya. Kila mtu hubandika, na asiyebandika husemwa. Sikuwahi kufikiri kwamba mgeni akisimama pale na kuisoma, anaambiwa nyumba ipi, nani yumo, anakaa na nani, na mwanawe wa kiume yuko mbali kiasi gani.

Halafu mama akaipiga picha ile karatasi, akaiweka kwenye simu uliyomtumia, mahali ambapo dunia nzima inaona. Watu wakampa pole. Shangazi Verka naye, mdomo wake hauna kitasa, akauliza hapo hapo hadharani: "Na Ognyan bado hasemezani na dada yake?" Mama akamjibu. Alimjibu kwa kirefu, kaka, kama wanaongea ukutani na majirani wamelala. Nani alimwambia nani nini, lini, na nani alilia. Yote yakakaa pale kwa yeyote mwenye muda wa kusoma.

Kuna jambo jingine unapaswa kulijua ndipo uelewe nilivyopumbazwa. Tangu kiangazi nafundisha wazee simu. Matapeli walikuwa wamempigia Gergina wa jirani, wakamwambia binti yake amegonga mtu, naye nusura awatupie dhahabu zake dirishani. Baada ya hapo chama cha wastaafu kikataka somo, na mfanyakazi wa maktaba aliyebaki ni mimi. Basi kila Alhamisi wanakuja na simu zao zimefungwa kwenye leso kama mayai. Nawaonesha namna ya kufunga skrini, nani wa kumruhusu aone ulipo, programu ipi inataka kukusikiliza na kwa nini uinyime. Nawaambia namba ya siri ni yako, usimpe mtu.

Mzee Metodi, yule mtengeneza saa, alisimama siku ya kwanza akasema: "Mimi namba yangu ya siri ni mwaka aliozaliwa marehemu mke wangu. Maisha yake yote aliudanganya umri, kwa hiyo hakuna atakayeipata." Walicheka hadi Gergina akavua miwani. Mama alikaa kiti cha mbele, ameinua kidevu, mama wa mwalimu.

Mwezi wa kumi ndipo ulipokuja ujumbe. "Mama, ni mimi Ognyan. Simu yangu imeingia maji kwenye lori. Hii ndiyo namba mpya." Mama alilia hadi akaunguza pilipili. Mimi nilichukua ile namba nikaenda nayo kwangu, nikakaa nayo, mwishoni nikapiga moyo konde nikaandika: kaka, ni Zdravka, nisamehe. Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini. "Yameisha, dada yangu. Baba asingependa tuendelee hivi."

Ningefanyaje, Ognyan? Ndiyo maneno niliyokuwa nikiyasubiri, nami sikumkagua aliyeyaleta.

Akawa anaandika kila siku. Kuongea haongei. Mara maikrofoni imekufa, mara injini inapiga kelele, mara kampuni hairuhusu. Lakini anaandika. Anamwuliza mama amekula nini, amekunywa vidonge vya presha, amefunga dirisha la jikoni. Na mama humtumia sauti yake, habari ndefu ndefu za baba, zako, zangu, za kila kuku. Alichangamka, nikuambie kweli. Alirudi kupaka rangi nywele.

Aliniuliza kuhusu madarasa yangu, akanisifu, akanivisha kilemba cha ukoka nami nikakivaa. Kisha akaniambia kwamba ana wasiwasi na simu ya mama, mjane peke yake na matapeli wengi namna hii. Akanielekeza programu ya kuweka ili yeye aweze kumsaidia akiwa huko huko, na niiweke kwangu pia ili familia ionane. Bonyeza hapa, kubali hapa, kubali tena. Niliiweka kwa vidole vyangu hivi, mezani kwa mama, huku nakula pilipili zake.

Alhamisi moja ya mwezi uliopita nilitaka kuwaonesha wazee jinsi ya kukagua ruhusa. Nikaazima simu ya mama, nikaiinua juu wote waone. Nikafungua mpaka kwenye ile programu. Ilikuwa imeruhusiwa kila kitu. Kuona kwa kamera, kusikia, kusoma jumbe, kujua alipo, hata kubonyeza skrini badala ya mwenye simu. Nilianza kuwaeleza. Basi mbele ya macho yetu ukurasa ukajifunga. Ukafunguka mwingine, nao ukajifunga. Kidole changu kilikuwa hewani, sijagusa.

Metodi akasema, "Keva, simu yako ina adabu kuliko wajukuu zangu. Imekwenda kulala bila kuambiwa." Wakacheka. Mama akacheka kuliko wote. Mimi nikawaambia somo limekwisha.

Nikamjaribu. Nilimwandikia kwa mzaha, hebu niambie yule mbwa tuliyemzika chini ya mjozi aliitwa nani. Akajibu mara moja, Sharko. Nikashusha pumzi. Siku ya pili mama, bila kuulizwa, akaniambia jinsi alivyomkumbusha Ognyan habari za Sharko kwa sauti juma lile lile, na jinsi wote wawili walivyosikitika. Pumzi niliyoishusha ikanirudi.

Nikamwuliza tena, safari hii jambo ambalo mama halijui mpaka leo: tulichokitumbukiza kisimani kiangazi kile baba alipokuwa kazini Libya. Alinyamaza mpaka kesho yake. Kisha akaandika: "Mambo ya utoto nimeyasahau, Zdravka. Acha kunihoji kama polisi."

Umeyasahau? Wewe? Wewe ambaye hujawahi kumaliza glasi ya pili ya rakia bila kunikonyeza na kuonesha kisima? Hapo ndipo nilipojua, na nilijua bila shaka yoyote.

Nilikwenda kwa mama nikiwa na maneno yangu yote yamepangwa. Alinikuta getini, hakunifungulia.

"Ndugu yako ameniambia," akasema. "Unaitaka nyumba. Ndiyo maana unasema yeye si yeye."

"Mama, huyo si Ognyan. Muulize ya kisimani."

"Kisima gani? Ananiuliza kama nimekula. Wewe uliniuliza lini?"

"Nakuletea chakula kila siku, mama."

"Unaleta. Huulizi."

Nilimwomba anipe simu japo kidogo nimwoneshe. Akaisukuma ndani ya mfuko wa aproni, akaufunika kwa mikono miwili. "Wewe si ndiye uliyetufundisha? Simu yako usimpe mtu, hata akisema anakusaidia. Hata akiwa mwanao. Basi mimi nimefundishika."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilisema mbele ya wote, na yeye alikuwa kiti cha mbele.

Siku moja alipoiacha simu kwenye chaji akaenda kwa kuku, nikaingia, nikaifuta ile programu. Kesho yake imerudi. Yule mtu alimwongoza mama hatua kwa hatua, mama ambaye hadi leo tochi ya simu huizima kwa kuifunika na kitambaa. Na tangu hapo amebadilisha namba ya siri, na hataki kuniambia.

Nilikwenda polisi. Kuna kijana mpya pale, mpole, ana mafua.

"Ameomba hela?" akaniuliza.

"Hapana."

"Amemtishia?"

"Anamuuliza kama amekula."

Aliiweka kalamu chini. "Sasa mama yangu, niandike kosa gani? Kwamba kuna mtu anajali?" Hakusema kwa kejeli, alikuwa anauliza kweli. Akanishauri nirudi kitu kikitokea. Nikatoka nikijiuliza kitu chenyewe kikitokea nitarudi na nani.

Yaliyobaki nimeyapata kwa Gergina, maana mama humwambia kila kitu juu ya ua, kwa fahari. Kwa hiyo najua kwamba yule mtu ameomba picha ya kitambulisho cha mama, mbele na nyuma, eti amkatie tiketi ya kwenda kukutembelea. Ameomba picha za hati ya nyumba, kila ukurasa, eti azihifadhi nisije nikaziiba. Na amemwomba aandike jina lake kwenye karatasi nyeupe kama anavyotia sahihi, apige picha, kwa kuwa anataka kuubeba mwandiko wa mama yake ndani ya lori. Gergina alipofika hapo alifuta machozi. "Mtoto mwenye upendo," akasema, "wangu hawajawahi." Nilitamani kuuma ule ua.

Na sasa siku ya Ignat, tarehe ishirini mwezi huu. Ni siku ya jina lako, na mama huwa anakuwekea glasi hata ukiwa bara jingine. Safari hii amepaka chokaa kizingiti. Unajua mwenyewe alivyo na mambo ya mgeni wa kwanza: atakayevuka asubuhi ile ndiye anayeuleta mwaka, achokonoe moto, akae chini upesi ili kuku waatamie vizuri. Na unajua, au hujui, kwa kuwa sikuwahi kukuandikia, kwamba mwaka jana wa kwanza kuvuka nilikuwa mimi. Nilipitia tu kuleta mkate wa moto kabla ya kazi. Mwezi wa tatu tukamzika baba.

Mama hakuwahi kunitamkia hadi juma lililopita. Akanitamkia getini pale pale: "Siku ya Ignat usikanyage hapa mpaka Ognyan awe ameingia. Mguu wako tumeshauona." Niliumia, sikufichi. Niliumia kuliko siku ya mazishi.

Maana "wewe" unakuja. Ndivyo ulivyomwahidi. Eti utatua Sofia alfajiri ya siku hiyo, na kabla hakujapambazuka rafiki yako atakuja na gari kumchukua mama, ampeleke uwanja wa ndege akupokee mwenyewe, mrudi pamoja na wewe uvuke kizingiti wa kwanza. Avae koti lake zuri. Achukue kitambulisho. Achukue hati halisi ya nyumba, siyo nakala, aitie ndani ya koti. Asimwambie Zdravka. Geti aliache bila kufungwa, mbwa amfungie bandani.

Na simu aiache nyumbani, juu ya meza.

Nilimfanya Gergina alirudie hilo. Kwa miezi hii yote alikuwa akimsihi asiachane na simu hata akienda msalani, aichaji kila jioni, ailaze karibu na mto. Sasa kwa safari moja tu anamtaka aiache nyumbani, ionekane kwamba mama hajatoka. Kaka, mimi si mtu wa kutia chumvi. Lakini sijui gari lile linakwenda wapi, na sidhani kwamba linakusudia kumrudisha.

Nilijaribu kumwambia mama ukweli huu kupitia Metodi, labda angemsikia mwanamume mwenye mvi. Alirudi kwangu ameshika kofia mkononi. "Aliniuliza kama umenilipa," akasema. "Mimi, Zdravka. Niliyesimama naye kanisani siku ya harusi yake." Alikunywa maji akaondoka bila mzaha wowote, na Metodi bila mzaha ni jambo la kutisha peke yake.

Stoycho alitaka tumchukue kwa nguvu tumlete kwetu. Nilimkatalia. Mama akishikwa mkono na mimi leo, atakwenda kwa yule mtu kwa miguu yake kesho. Anahitaji kukusikia wewe. Siyo maandishi, maana maandishi amekwisha kuibiwa. Sauti yako, na ule mdomo wako mchafu, unavyomwita Keva kwa jina lake kama vile mlisoma darasa moja. Yule mtu humwita mama mpenzi. Hata hilo halikumshtua. Alisema ughaibuni kumekulainisha.

Kwa hiyo sikia ninachokuomba. Usipige kwangu, mama hataamini sauti itokayo kwenye simu yangu; usipige kwake, yule mtu anasikia. Piga simu ya maktaba, ile ya waya iliyo mezani kwangu, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Inasikia tu ukiinyanyua. Piga mchana wa huku, siku yoyote ya kazi. Kitu cha kwanza useme kilichomo kisimani. Nikikisikia, nitakuambia usubiri kwenye laini, na Metodi na Gergina watamleta mama hata kwa kumdanganya kwamba kuna keki ya bure. Kisha ongea naye. Mtukane ukitaka. Mwambie anaunguza pilipili. Utakachosema hakina uzito, chenye uzito ni nani anayesema.

Barua hii nilitaka kumpa Yoana, mjukuu wa Metodi, anayeruka kwenda Chicago keshokutwa. Nilikuwa nimefika hapa nilipoiacha kalamu, maana simu yangu imewaka mezani.

Nakunakilia ilivyo. "Zdravka, usimsumbue Yoana na barua. Niko njiani."

Habari ya barua sikumwambia mtu isipokuwa Yoana, na nilimwandikia asubuhi kwa simu hii hii. Nilihangaika na simu ya mama majuma yote haya na yangu nikaiacha, mwalimu mzima. Alichokiona kwa mama amekiona kwangu pia, na alichokisikia jikoni kwake amekisikia jikoni kwangu, pamoja na mimi na Stoycho tukipanga nini cha kufanya. Nimeizima, nimeitia ndani ya sufuria nikaweka kifuniko. Stoycho ananitazama. Naandika sasa bila kusema kitu.

Sitampa Yoana, wala sitaki aonekane na kitu changu. Stoycho ataendesha mwenyewe hadi Sofia aipeleke kwa wanaosafirisha mizigo ya haraka, alipe wanachotaka. Polisi nitarudi tena kesho na ujumbe huu, na nitakaa pale mpaka mafua yake yapone. Wakinisikia, vyema. Wasiponisikia, nimekwisha kuamua, na kwa kuwa nimekuandikia badala ya kutamka, hili yeye halijui.

Siku ya Ignat, kabla gari halijafika, nitavuka kizingiti kile mimi. Mimi na mguu wangu. Sitamngojea Ognyan wa kweli wala wa uongo. Nitaingia mama akiwa anavaa koti lake zuri, nitachokonoa moto kama mwanamume, kisha nitakaa chini mlangoni, pale kwenye chokaa yake, na atakayetaka kumtoa atanipita. Ataniita nuksi mbele ya mtaa mzima. Atasema nimemuua baba na sasa nimemfukuza mwanawe. Atanyamaza nami, labda mpaka tuzikane. Na anyamaze. Uwe mwaka mbaya kuliko uliopita, mradi mama awemo.

Stoycho anakusalimu kwa kichwa, maana tumekubaliana tusiongee humu ndani. Metodi anakusalimu na anasema saa yako bado iko kwake, imepona tangu mwaka juzi. Gergina pia, na shangazi Verka pamoja na mdomo wake. Mama hajakutumia salamu. Anaamini amekusalimia leo asubuhi.

Mungu akulinde barabarani, kaka yangu, akufikishie karatasi hii mkononi mwako wewe na si mwingine, na akulainishe moyo ushike simu.

Dada yako akupendaye, hata tulipokuwa hatuongei,

Zdravka